Projectile Motion ya PhET: mzinga mzuri, ila hesabu fanya mwenyewe

Programu hii ya bure ya kuiga majaribio ya fizikia, kutoka mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, hufunguka kwenye kivinjari, na kwa maswali ya vitu vinavyorushwa ni msaada mkubwa. Shusha mzinga hadi kimo 0, weka kasi 15 m/s na pembe 60°, zima ukinzani wa hewa. Kabla ya kufyatua, kokotoa: kasi ya wima ni 12.99 m/s, muda angani sekunde 2.65, umbali mita 19.9. Kisha pima kwa kifaa chake. Ukipata 19.5, umetumia g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 10 m/s² badala ya 9.81, ukipata jibu la ajabu kabisa, angalia kama kikokotoo chako kiko kwenye radiani badala ya digrii.

Utamu wenyewe uko kwenye kuinua mzinga hadi mita 10. Hapo fomula ya umbali, v² sin2θ/g (v ni kasi, θ ni pembe), haifai tena, kwa sababu risasi haitui kwenye kimo ilikotokea. Tumia mlinganyo wa kipeo cha pili kupata muda. Hata 45° inapoteza ubingwa: pembe ya kufika mbali zaidi ni kama 36°.

Kasoro yake? Inatoa majibu, haionyeshi njia. Mvivu atanakili tu.