Kesi kuanza upya baada ya juri kukwama: nyota 3 kati ya 5

Ikitumiwa mara moja, na kwa kesi iliyofanyiwa marekebisho, inafaa. Ikitumiwa kama kurusha shilingi hadi upande unaotakiwa uangukie juu, haifai hata kidogo.

Tunachopima hapa ni ruhusa ya waendesha mashtaka wa Marekani kumrudisha mshtakiwa kizimbani pale wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, wanaposhindwa kuafikiana. Msomaji aliyezoea wazee wa baraza wa Tanzania aelewe tofauti: wazee hutoa maoni tu na jaji hafungwi nayo, hivyo hawawezi kuikwamisha kesi. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua, na tangu uamuzi wa Ramos dhidi ya Louisiana wa 2020 hakuna jimbo linaloweza kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa bila wajumbe wote kukubaliana. Mmoja akigoma, hakuna hatia wala kuachiwa huru.

Huduma yenyewe ni kongwe. Mahakama ya Juu iliipitisha mwaka 1824 katika kesi ya Perez, na mwaka 1984, katika kesi ya Richardson, ikakazia kwamba juri kukwama hakuimalizi kesi. Ndiyo maana kinga ya kutoshtakiwa mara mbili kwa kosa moja haimsaidii mshtakiwa hapa. Katika mahakama za shirikisho, saa inaanza kuhesabu mara moja: kesi mpya ianze ndani ya siku 70, labda muda uongezwe kwa sababu zinazotajwa na sheria. Utetezi nao una siku 14 tangu juri iruhusiwe kuondoka kumwomba jaji amwachie mshtakiwa kwa ushahidi kutotosha. Mawakili wanaosubiri kwanza upande wa mashtaka useme nia yake hujikuta siku hizo zimeyoyoma.

Swali la kwanza la mwendesha mashtaka liwe kura ziligawanyikaje. Kumi na moja kwa mmoja wakitaka hatia, na sita kwa sita, ni kesi mbili tofauti kabisa. La pili ni kilichowakwamisha. Kama ni shahidi asiyeaminika, kumrudisha yule yule ni kujiongezea hasara, kwa sababu sasa kila alichosema kimo kwenye mwenendo wa kesi, na wakili wa utetezi atamsomea mstari kwa mstari pale maneno yatakapopishana. Kama ni mashtaka mengi yaliyowachanganya wajumbe, hapo dawa ipo.

Mfano wa matumizi mazuri ni kesi ya Rod Blagojevich, aliyekuwa gavana wa Illinois. Mwaka 2010 juri ilimtia hatiani kwa shtaka 1 kati ya 24 na kukwama kwenye 23. Waendesha mashtaka hawakurudi na mzigo ule ule. Walimwondoa kaka yake aliyeshtakiwa pamoja naye, wakafuta mashtaka mazito ya kuendesha mtandao wa uhalifu, na kubaki na mashtaka 20 yaliyonyooka. Mwaka 2011 alipatikana na hatia kwa 17, ingawa mara hii alitoa ushahidi mwenyewe. Mashtaka matano kati ya hayo yalikuja kutenguliwa kwenye rufaa mwaka 2015, lakini kama kazi ya kuisuka kesi upya, ilifanywa vizuri.

Sasa kasoro. Kesi ya Blueford ya Arkansas, iliyoamuliwa mwaka 2012, ndiyo inayotukera. Kiongozi wa juri alitamka mahakamani kwamba wote wamekataa mashtaka mawili makubwa ya mauaji na wamekwama kwenye dogo la kuua bila kukusudia. Kwa kuwa hakukuwa na hukumu rasmi, Mahakama ya Juu ikaruhusu, kwa kura 6 kwa 3, mshtakiwa Blueford ashtakiwe upya kwa yote. Funzo kwa wakili ni kumwomba jaji, kabla wajumbe hawajatawanyika, aulize shtaka moja moja na kupokea hukumu pale walipoafikiana. Blueford aliomba hivyo, jaji akakataa, maana Arkansas haikuruhusu hukumu ya nusunusu kwa makosa yaliyo ndani ya shtaka moja. Nyota moja tunaikata hapo.

Kasoro nyingine ni kukosekana kwa breki. Curtis Flowers wa Mississippi alishtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale ya 1996. Kesi ya nne (2007) na ya tano (2008) zilikwama, na nyingine nne zilimtia hatiani kisha zikatenguliwa. Mashtaka yalifutwa 2020, baada ya zaidi ya miaka 20 kifungoni. Katiba haitaji idadi. New Jersey na Hawaii humruhusu jaji kufunga kesi iliyokwama mara mbili akiona kuendelea ni uonevu, lakini mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Pennsylvania ilisema mwaka 2019, katika kesi ya Wright, kwamba jaji hana uwezo huo kama upande wa mashtaka haujafanya kosa. Uingereza wana desturi nzuri zaidi: juri mbili zikishindwa, kwa kawaida mashtaka hukoma, na mara ya tatu huhitaji kosa zito mno na ushahidi wenye nguvu kubwa. Marekani breki imeachiwa mguu wa mwendesha mashtaka mwenyewe, ambaye ndiye anayekanyaga mafuta. Nyota ya pili imekwenda na hilo.