TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "nakala za hukumu" kwa WhatsApp, kuanzia Kisumu hadi Nakuru

Wakazi wa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, na nyinyi ndugu zetu wa Nakuru, nawaomba msome hii hadi mwisho, kisha muwasomee wazee wenu walio na kesi za mashamba, madeni au urithi.

Kuna mtu anayejiita "karani wa masjala", yaani ofisi ya mahakama inayotunza mafaili, ambaye anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Anadai anaweza kukutolea faili ya kesi yoyote ya madai, mwenendo wa kesi uliochapwa (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani), hukumu iliyogongwa muhuri, hata "cheti cha kuonyesha shamba halina kesi". Yote kwa siku moja, bila wewe kukanyaga mahakamani. Jina na laini ya simu anabadilisha kila mara, kwa hivyo kuwapa jina hakutawasaidia. Mbinu yake ndiyo haibadiliki, na hiyo ndiyo nataka muijue.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Kisumu. Watu huniletea karatasi niwasomee kabla hawajazipeleka mahali. Juzi mama mmoja mjane kutoka upande wa Nyando aliniletea hukumu aliyouziwa na huyu mtu. Mama huyu alishinda kesi mwaka wa 2014 dhidi ya mtu aliyemuuzia kipande cha shamba kisha akakataa kumkabidhi. Mahakama ya hakimu iliamuru arudishiwe pesa zake. Hajawahi kulipwa. Karatasi zake za asili ziliharibika mafuriko yalipoingia nyumbani, na sasa alitaka nakala ya hukumu na dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) ili aanze kudai.

Tapeli alianza na shilingi 3,500 "za kufungua faili". Zilipoingia, zikahitajika 1,500 "za muhuri". Kisha akaambiwa faili imepatikana lakini iko mezani kwa hakimu, kwa hivyo kuna kitu kidogo cha kuitoa. Kila hatua alikuwa anatumiwa picha ya rundo la mafaili ili aamini kazi inaendelea. Mwishowe akapata PDF, na yule mtu akamfungia simu.

Niliisoma ile PDF mstari kwa mstari, na nataka nanyi mjifunze kuisoma karatasi ya namna hiyo.

Kwanza namba ya kesi. Ilikuwa na herufi E mbele ya tarakimu, kisha mwaka 2014. Hiyo E ilikuja na mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, ambao ulianza Nairobi Julai 2020 na ukaenezwa nchi nzima Machi 2024. Kesi iliyofunguliwa na kuamuliwa kwa karatasi kabla ya Julai 2020 haiwezi kuwa na namba ya aina hiyo. Pili, pale juu palikuwa pameandikwa "Republic" dhidi ya yule aliyemuuzia shamba. Hiyo ni sura ya kesi ya jinai. Watu wawili wanaodaiana pesa za shamba huandikwa kwa majina yao, mdai na mdaiwa, na Jamhuri haimo katika ugomvi wao. Tatu, kesi iliyosikizwa na hakimu ilikuwa imetiwa sahihi na "Jaji". Majaji huketi Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Upeo, na zile za Ardhi na za Kazi. Kule chini ni mahakimu.

Halafu chini ya ukurasa wa mwisho hapakuwa na uthibitisho wowote, muhuri tu ambao umekatwa kwenye picha nyingine na kubandikwa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 80, inasema afisa wa umma anayetunza hati ambayo mtu ana haki ya kuikagua atampa nakala yake akilipa ada, na chini ya nakala hiyo ataandika kwamba ni nakala ya kweli, atie tarehe, sahihi, jina lake na cheo chake. Usipoona jina na cheo cha afisa, unachoshika ni karatasi tu. Ukiipeleka ofisi yoyote, wewe ndiwe utakayeulizwa umeitoa wapi.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni muda. Sheria ya ukomo wa madai inakupa miaka 12 ya kutekeleza hukumu. Mama huyu alishinda 2014. Hesabuni wenyewe. Kila wiki aliyokaa akingoja "faili itoke mezani kwa hakimu" ilikuwa inaliwa kwenye muda ambao tayari unamwishia. Na kwa anayetaka kukata rufaa ni mbaya zaidi, kwa sababu kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30 tu. Sheria huondoa katika hesabu muda ambao mahakama yenyewe imechukua kukuandalia nakala, lakini ni pale ambapo uliiomba mahakama. Kumwomba mtu wa WhatsApp hakukuhifadhii hata siku moja.

Sasa, njia yenyewe si siri na haihitaji dalali. Nenda kwenye kituo kile kile kesi iliposikizwa: iwe Kisumu, Winam, Nyando, Maseno, Vihiga, Kakamega, Butere, Siaya, Molo au Nakuru. Uliza masjala ya kesi za madai. Kesi ya ardhi huenda iko masjala ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na ya urithi huwa na masjala au rejista yake, kwa hivyo usikate tamaa ukiambiwa "haiko hapa" kwenye dirisha la kwanza. Uliza iko wapi. Kwa kesi za zamani, uliza pia kama faili ilihamishwa kituo kipya kilipofunguliwa.

Beba namba ya kesi na mwaka. Kama huna namba, majina kamili ya pande zote mbili na mwaka wa kufunguliwa vinamtosha karani kutafuta kwenye rejista, ingawa itachukua muda. Andika barua fupi kwa msimamizi wa mahakama, au kwa naibu msajili ikiwa ni Mahakama Kuu: wewe ni nani, kesi gani, unataka kukagua faili au unataka nakala, na nakala ya nini hasa. Hukumu, dikrii na mwenendo ni vitu vitatu tofauti na vinalipiwa tofauti. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Hiyo barua iliyogongwa ina thamani kuliko ahadi yoyote, hasa ukiwa na rufaa.

Ada hukadiriwa hapo hapo, nawe hupewa namba ya malipo, unalipa kwa akaunti ya serikali, unapata risiti. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu au kwa till ya duka, ondoka, hata kama anayekuambia amesimama ndani ya ua wa mahakama na amevaa tai. Mahakama huwa na ubao wa huduma ukutani unaoonyesha ada na muda wa kila huduma. Usomeni huo ubao, uko pale kwa ajili yenu. Ukizungushwa bila sababu, kuna Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, na malalamiko hupokelewa bila malipo.

Na kabla ya hata kupanda matatu, jaribu tovuti ya Kenya Law. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu, za Rufaa, za Ardhi na za Kazi ziko pale bure kabisa. Tafuta kwa jina la upande mmoja. Hukumu za miaka ya karibuni zina alama kama KEHC kwa Mahakama Kuu au KEELC kwa ile ya Ardhi, pamoja na namba na mwaka. Nimeona watu wameuziwa na huyu tapeli hukumu ambayo iko wazi pale, ameipakua tu na kuichorea muhuri. Ile ya bure inatosha kusoma. Ikiwa unaipeleka ofisini, omba iliyothibitishwa. Za mahakimu kwa kawaida hutazipata kwenye tovuti, hizo zifuate masjala. Na kesi za watoto hazitolewi kwa kila mtu, kwa sababu nzuri, kwa hivyo anayejigamba anaweza kukutolea hizo anakuambia mwenyewe kwamba ni mhalifu.

Nyinyi wa Nakuru mnaonunua ploti, kile "cheti cha shamba halina kesi" msikiguse. Hakuna ofisi inayotoa cheti kama hicho. Fanya utafutaji rasmi kwenye masjala ya ardhi, ambako koshen (onyo la mtu mwenye dai juu ya shamba) au katazo la mahakama lililosajiliwa kwenye hati litaonekana. Kisha uliza masjala ya Mahakama ya Ardhi kwa jina la muuzaji, maana kesi inaweza kuwa imefunguliwa na bado hakuna katazo lililosajiliwa. Ni kazi mbili, na hakuna karatasi moja inayozifunga zote.

Jambo jingine. Huyu mtu huomba picha ya kitambulisho mbele na nyuma, pamoja na PIN ya KRA, eti "kwa rejista". Usimpe. Masjala itakuomba kitambulisho ukiwa umesimama mbele yao.

Kama tayari umetuma pesa, usifute mazungumzo, hata kama yanakutia aibu. Piga picha za skrini, weka ujumbe wa M-Pesa, utume ule wa ulaghai kwa 333, ambayo ni bure kwa laini ya Safaricom. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB (kitabu cha kuandikia matukio), kisha peleka ile hukumu bandia masjala ya mahakama iliyotajwa ndani yake, kwa sababu kughushi hati ya mahakama ni kosa kubwa na wao pia wanahitaji kujua muhuri wao unachezewa. Mama wa Nyando tumeshaandika naye barua yake na imepokelewa. Wengine mliotapeliwa na mtu huyu, andikeni hapa chini siku, kiasi na maneno aliyotumia, lakini msiweke namba ya kesi wala jina la mtu yeyote. Tukiwa na malalamiko kadhaa yenye mtindo mmoja, tutayapeleka pamoja kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai.