Bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x3": uzoefu wangu na prednisoloni

Nianze na hasira, sifa zitafuata zikipata nafasi.

Kuna duka la dawa karibu na steji ninaposhukia huku Eastlands. Silitaji kwa sababu sina pesa za wakili. Miezi kadhaa iliyopita niliingia pale na karatasi ya daktari mkononi, nikatoka na bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "1x3". Basi. Jina la dawa hakuna, jina langu hakuna, tarehe hakuna. Ndani yake mlikuwa na tembe za prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe isiyotaka mchezo, na aliyenipa alizihesabu huku sikio moja limezibwa na kipokea sauti, anaitikia muziki kwa kichwa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu ilianza kunigomea mwaka jana. Naamka vidole vimevimba, vimekakamaa, sindano haishikiki, hata kizibo cha chupa ya maji mpaka nimwite mtoto. Jua likishapanda ndipo vinaanza kulegea. Nimepaka kila kinachopakwa na kunywa kila kinachochemshwa. Mwishowe kliniki wakapima damu, wakasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vya mwenyewe. Nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, ya kumeza mara moja kwa wiki, lakini hiyo hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Prednisoloni ilikuwa ya kunivusha hapo katikati.

Daktari mwenyewe ni msichana tu, rika la binti yangu. Nilimdharau nilipomwona, nakiri bila aibu kwa sababu alinigeuza mawazo kwa dakika chache. Alinipima presha na sukari kabla ya kuandika chochote. Akaniuliza kama nimewahi kuugua kifua kikuu au kuishi nyumba moja na aliyeugua, kwa kuwa dawa hii hupunguza makali ya kinga na TB iliyolala inaweza kuamka. Akauliza kuhusu tetekuwanga, vidonda vya tumbo, minyoo, macho. Kisha akaandika: tembe nne za miligramu 5, zote kwa pamoja, asubuhi baada ya kula. Chini yake akapanga ngazi ya kushuka, wiki hii nne, wiki ijayo tatu, ikishuka hivyo mpaka tuonane tena. (Hicho ni kipimo changu mimi na ugonjwa wangu. Usikinakili ukakipeleka dukani.)

Sasa rudini nami kwenye kaunta.

Kijana akaisoma karatasi, akacheka. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mathe, si hizi ndizo madem wananunua River Road wanenepe? Na wewe unataka kuongeza wapi tena?"

Foleni yote ikacheka. Mimi si mwembamba, na yeye aliona hivyo kabla ya kusema. Nina wajukuu. Nyumbani kwetu mtu wa umri wake akikutana na mtu wa umri wangu anaanza na shikamoo, na hata kama hapa Nairobi salamu hiyo imewashinda, "habari ya mchana" haina kodi.

Tena kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Ni kweli kuna wasichana wanaouziwa vidonge vya kunenepa, na mara nyingi ndani yake ni deksamethasoni, ambaye ni ndugu wa prednisoloni mwenye nguvu zaidi, pamoja na siproheptadini ya kuongeza hamu ya kula. Yeye anajua. Anajua na anafanya mzaha.

Nikameza hasira. Akafungua mkebe mkubwa, akahesabu, akatia kwenye kaki, akaandika 1x3. Nikamwambia, kijana wangu, daktari amesema nne asubuhi.

"Ni kitu moja tu, mathe. Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Nne mara moja zitakuchoma tumbo."

Si kitu kimoja! Kwanza moja mara tatu ni tatu, hata mjukuu wangu wa chekechea anajua. Pili, daktari alinieleza kwa nini ni asubuhi. Mwili wetu una homoni yake ya jamii hii, kotisoli, inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na hiyo hupanda kuelekea alfajiri na kushuka usiku. Ukimeza asubuhi unakwenda sambamba nayo. Ukimeza ya jioni unajitafutia mkesha. Mimi hata kwa kumeza asubuhi tu usingizi ulinipaa, sembuse na ya saa mbili usiku.

Nikauliza, na hii ya kupunguza polepole?

"Zikiisha zimeisha. Ukipona si unaacha?"

Hapo ndipo damu ilipanda. Katika yote aliyonieleza yule msichana wa kliniki, hili alilirudia mpaka nikalirudia mimi. Ukishaimeza dawa hii zaidi ya wiki tatu hivi, zile tezi zako huacha kazi, kama mpishi anayeletewa chakula cha hoteli kila siku mpaka jiko likapoa. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila ya dukani na bila ya kwake. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, na anaweza kufa. Ndiyo maana unashuka hatua kwa hatua, tezi zipate muda wa kuamka. Na mtu anayezitumia kwa muda mrefu akiugua sana, au akipelekwa kupasuliwa, lazima aseme, maana wakati huo mwili huhitaji zaidi, si pungufu.

Kijana alikuwa ananishauri nife, kwa upole na kwa bei nafuu.

Hakukomea hapo. "Nikuwekee na diklofenaki ya maumivu? Bob hamsini tu." Dawa hizo mbili pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu ndani. Yule yule aliyehofia tumbo langu kuchomwa na tembe nne!

Nikakataa. Akaniuliza, "Kwani wewe ni daktari?" Nikamuuliza, na wewe? Akakohoa. Nikatazama ukutani. Leseni ipo, imewekewa kioo, na jina lililoandikwa halikuwa la jinsia yake. Nikauliza mwenye jina hilo yuko wapi. "Ametoka kidogo." Nimepita pale mara nyingi tangu siku hiyo na bado ametoka kidogo. Mjue kuwa maduka yaliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu hutakiwa kubandika msimbo ambao unaweza kuutuma kwa ujumbe mfupi ukajibiwa kama duka ni halali. Lakini msimbo hauwezi kukuambia nani amesimama nyuma ya kaunta leo, na hapo ndipo tunapoumia.

Nilinyakua karatasi yangu (alitaka kubaki nayo!) nikalipa, nikaenda. Nilifuata karatasi, ile kaki nikaiandika upya kwa kalamu ya chaki ya kukatia nguo.

Sasa sifa, maana nami si mchawi. Tembe zenyewe? Jamani. Kabla wiki haijaisha nilifunga vifungo vya blauzi yangu mwenyewe. Nikatunga uzi kwenye sindano bila kutukana. Nilimsimulia daktari nikilia, naye akaniambia kwamba mwaka 1948 kule Marekani, katika Kliniki ya Mayo, mwanamke wa kwanza mwenye ugonjwa kama wangu kudungwa kotisoni, dawa ya jamii hii hii, alikuwa kitandani hajiwezi, na siku chache baadaye akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 waliohusika na ugunduzi huo, Hench, Kendall na Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Nikasema walistahili na nyongeza.

Halafu akaongeza kuwa furaha ile haikudumu, madhara yakaanza kuonekana watu walipopewa nyingi kwa muda mrefu. Mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda, macho kuingia mtoto wa jicho, ngozi kuwa nyepesi kama ya kitunguu. Basi nyongeza nikaifuta.

Kwangu yalikuja madogo lakini hayakukosa kero. Njaa ya ajabu: nakula chapati za watu wawili na macho bado yako kwenye sufuria. Uso ukaanza kuwa mduara, na jirani akanipongeza kwamba biashara imeshamiri. Usiku sipati usingizi, nimewahi kufua mapazia saa nane za usiku huku mbwa wa ploti wakinibwekea. Na hasira! Inawezekana sehemu ya maneno yaliyo hapa juu ni prednisoloni inayoandika, kwa sababu inajulikana kuchezea hisia. Inawezekana kijana wa watu hakuwa mbaya kiasi hicho.

La, alikuwa mbaya. Hivi sasa niko ngazi ya chini kabisa na bado namkasirikia.

Kushuka nako kulikuwa na taabu yake. Kila nilipopunguza, maumivu yalichungulia na uchovu ukanikalia mabegani siku kadhaa, nikatamani kurudi juu kimyakimya. Niliuliza kliniki kwanza. Wakanikalisha pale pale nilipokuwa kwa muda kabla ya kuteremka tena.

Siku hizi nanunua mjini, kwa mama mmoja mfamasia anayedai karatasi kabla hata hujamaliza salamu. Anabandika lebo, jina langu, wiki ya ngapi tembe ngapi, kisha anakuuliza umrudishie alichosema. Nilikuwa tayari kumpa nyota zote. Lakini ni ghali kuliko hapa kwetu, Jumapili hafungui, na nauli ya matatu kwenda na kurudi mvua ikinyesha inakuwa hadithi nyingine. Kwa hiyo nyota nne. Tatu mwisho wa mwezi.

Duka la stejini nilitaka kulipa mbili, kwa sababu dawa ilikuwa ya kweli na haikuwa imepitwa na tarehe, niliangalia mkebe. Halafu nikamkumbuka mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakuwa na karatasi. Alisema tu, "Zile ndogo nyeupe za magoti," na kijana akamhesabia bila swali lolote, kama anayeuza peremende. Nilimsubiri nje nikamuuliza amezitumia tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana, na hajapimwa chochote. Nilijaribu kumweleza. Akaniambia, "Mama, kliniki wataninyang'anya, na magoti yatanirudia," kisha matatu yake ikafika.

Duka lile silipi nyota hata moja.

Mzee yule ana kofia ya sufu ya kijani na bakora, huwa anashukia steji moja kabla ya yangu. Kama ni baba yako, usimfichie hizo tembe wala usizitupe. Mpeleke kliniki leo nazo mfukoni, na mpaka aonane na daktari aendelee kuzimeza.