Kadi ya mfukoni ya kanuni za kutumia nguvu: hatua zipo, mita hakuna

Kati ya vifaa vyote anavyobeba askari wa UPDF, jeshi la Uganda, anapokwenda misheni Somalia, hiki ndicho chepesi zaidi: kadi ya ukubwa wa kiganja, imefungwa plastiki, pande zote mbili zimejaa maandishi. Hati kamili ya kanuni ni ya siri na hukaa kwa makamanda. Kwa praiveti aliyesimama kwenye kizuizi, basi, kadi ndiyo sheria yote anayoijua. Mapitio haya ni kwa ajili ya makoplo na masajini wanaoifundisha.

Upande wa mbele unafanya kazi yake. Ngazi za nguvu zimepangwa vizuri: kujionyesha na kuonya kwa mdomo, kuzuia kwa mikono, kukoki bunduki ili mtu aone na asikie, risasi ya onyo, na mwisho risasi ya kuua. Ila zikiandikwa 1 hadi 5 bila maelezo, askari mgeni hudhani lazima apande ngazi moja moja. Si hivyo. Mtu akishakulenga, huanzi na "simama". Haki ya kujilinda haiondolewi na kamanda yeyote, na sentensi hiyo ikae juu kabisa, kwa herufi nene.

Tatizo kubwa ni umbali. Kadi inakwambia uonye kwa sauti, urudie, kisha ndipo ufyatue, lakini haisemi gari linakuja kwa kasi gani. Gari la kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikutana na alama yako ya kwanza mita 50 kutoka kwa sentri, una sekunde tatu tu. Ndani ya sekunde tatu hakuna anayepiga kelele, akakoki, akaonya na bado akapata nafasi ya kufikiri. Sentri atapiga tu kioo cha mbele. Na dereva mwenyewe huenda amefunga madirisha na redio inaimba. Kwa hiyo mpangilio ufanye kazi kabla ya bunduki: bango mita 200, mapipa ya kumlazimisha apinde mita 100, mstari wa kusimama mita 50, bendera mchana na taa usiku. Bango liandikwe Kisomali: "Joogso". Halafu kuna jambo ambalo hakuna kadi inayolitaja: Somalia huendesha kulia. Ukipanga kizuizi kwa mazoea ya barabara ya Masaka, bango litakaa upande ambao dereva hautazami.

Risasi ya onyo nayo inahitaji zaidi ya mstari mmoja. Ukipiga hewani mjini, risasi itaangukia mahali, na wenzako wasiojua nani kapiga wataanza kujibu. Chagua mapema udongo salama wa kulenga, mmoja tu ndiye mwenye ruhusa, na redio itangaze. Tena, kwenye SMG (yaani AK-47), swichi ya usalama ikishuka, kituo cha kwanza ni rasharasha. Risasi moja moja iko chini kabisa. Mkono unaotetemeka huishia hapo katikati, na onyo linageuka mvua ya risasi. Hili lifanyiwe mazoezi gizani, kwenye kambi ya mafunzo ya Singo, Uganda, si Mogadishu.

Upande wa nyuma ni dhaifu. "Nia ya uadui" imeachwa hewani, wakati Somalia kumejaa walinzi na wafugaji wenye bunduki begani. Kuwa na bunduki peke yake si nia. Tazama mdomo wa bunduki unaelekea wapi, anajificha au anatembea wazi, na ameitikiaje onyo. Picha kumi ukutani zitafundisha haya kuliko kadi.

Kuhusu mali, kadi nyingi ni fupi mno. Mwizi wa dizeli hapigwi risasi ya kuua eti kwa sababu ya madumu. Machi 1993, Beledweyne, askari wa Kanada waliwafyatulia Wasomali waliokuwa kwenye uzio wa kambi, mmoja alikufa. Siku chache baadaye kijana mwingine aliteswa hadi kufa mikononi mwao. Uchunguzi ulikuta mafunzo ya kanuni yalikuwa hafifu, na kikosi kile kikavunjwa 1995.

Kadi pia haikazii vya kutosha kwamba tishio likiisha, nguvu nayo imekwisha. Golweyn, Somalia, tarehe 10 Agosti 2021, doria ya UPDF iliviziwa, na raia 7 wakauawa na askari wa doria hiyo. Mahakama ya kijeshi iliyoketi Mogadishu Novemba mwaka huo iliwahukumu askari wawili kifo na watatu miaka 39 jela.

Kwa darasani, ongezea mafunzo ya Umoja wa Mataifa ya 2017 ya kabla ya kwenda misheni, yanayopatikana bure mtandaoni. Yana mifano mingi, ila ni ya misheni za walinda amani wenye helmeti za bluu. Misheni za Umoja wa Afrika Somalia ziliruhusiwa kuwashambulia Al-Shabaab, hivyo usichanganye kadi za pande hizo mbili. Toleo la Kiingereza peke yake halitoshi, maana amri kambini zinatoka kwa Kiswahili.

Angalia pia jina la misheni na tarehe. Misheni za Umoja wa Afrika Somalia zimebadilika majina: AMISOM iliisha 31 Machi 2022, ATMIS ikaanza kesho yake, na AUSSOM ikaingia Januari 2025. Kadi isiyo na vyote viwili irudishwe stoo.