Drive to Survive: msimu upi uanze nao, na wapi usiamini masikio yako

Drive to Survive, mfululizo wa vipindi vya maisha halisi, uliingia Netflix Machi 2019, ukisimulia msimu wa mbio za magari za Formula 1 wa mwaka 2018. Hadi wakati huo Formula 1 ilikuwa mchezo wa wanaoujua tayari. Luninga ilionyesha mbio, muda na bendera, kisha ikahamia kwenye taarifa ya habari. Liberty Media ya Marekani, iliyokamilisha ununuzi wa mchezo huu Januari 2017, ilikuta hata timu zenyewe zimebanwa zisirushe video zao mitandaoni. Ikalegeza masharti, na kampuni ya Box to Box Films ikaingiza kamera kwenye gereji, ofisini na mezani nyumbani kwa madereva. James Gay-Rees, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Senna, filamu ya mwaka 2010 kuhusu dereva Ayrton Senna, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba mtu asiyejua hata gia ni nini anaweza kumlilia dereva.

Msimu wa kwanza ndio wa kuanza nao, na bado haujapata mpinzani. Ubora wake ulitokana na kunyimwa. Mercedes na Ferrari, timu mbili zilizokuwa zikigombea ubingwa, zilikataa kamera. Lewis Hamilton alitwaa taji lake la tano mwaka ule, na humo unamwona kwa mbali tu. Watengenezaji wakabaki na timu za katikati na za mkiani, na huko ndiko kulikokuwa na hadithi. Luninga ilikuwa haisemi sana kwamba kugombea nafasi ya nne ya timu ni kugombea mamilioni ya dola, kwa sababu fedha za mwisho wa msimu hugawanywa kwa kufuata msimamo. Wala haikueleza kwamba anayekimbia nafasi ya 12 huenda anapigania kazi yake. Mtu akishalijua hilo, anaanza kuangalia nyuma ya msafara, na Formula 1 inakuwa na mbio tano ndani ya moja.

Tazama sehemu ya kwanza kabisa, Melbourne. Haas, timu ya Marekani iliyoingia Formula 1 mwaka 2016, ina Kevin Magnussen nafasi ya nne na Romain Grosjean nafasi ya tano. Magnussen anaingia kubadilisha matairi. Gurudumu la Formula 1 hushikwa na nati moja tu katikati, na kila gurudumu lina watu watatu: mmoja ana mashine ya kufungua na kukaza nati, wa pili anatoa tairi lililotumika, wa tatu anaweka jipya. Nati ikiingia upande kwenye nyuzi zake, mashine bado inazunguka na kulia vilevile, fundi anaamini imekaza, jeki inashuka na gari linaondoka. Gurudumu linacheza. Gari lazima lisimamishwe hapohapo, maana hakuna ruhusa ya kuendelea na gurudumu lililolegea. Mizunguko miwili baadaye anaingia Grosjean, na yanatokea yaleyale. Pointi 22 zimekwenda, 12 za nafasi ya nne na 10 za nafasi ya tano, kwa sababu ya nati mbili. Kisha kamera inabaki na mkuu wa timu, Guenther Steiner, akimweleza mwenye timu kwa simu. Hakuna mtangazaji ambaye angeweza kukupa dakika ile.

Siku hiyohiyo, gari la Grosjean lililosimama pembeni mwa njia ndilo lililosababisha waamuzi kuamuru magari yote yapunguze mwendo. Sebastian Vettel wa Ferrari akatumia upenyo huo kubadilisha matairi, akatoka mbele ya Hamilton, akashinda. Kosa moja la fundi wa Haas liliamua mshindi. Ndiyo maana nashauri kila sehemu ya mfululizo huu iambatane na muhtasari wa mbio zenyewe. Muhtasari rasmi wa kila mbio uko YouTube kwenye ukurasa wa Formula 1, dakika chache tu, na hapo ndipo vipande vinapoungana.

Sasa upande wa kasoro, na mtazamaji anastahili kuzijua mapema. Mfululizo huu haufuati kalenda. Sehemu moja hufuata mtu au timu, kwa hiyo mbio za Julai zinaweza kutangulia za Aprili, na mbio moja ikaonekana mara tatu kwa sura tofauti. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni mbio tofauti. Sauti nayo hupangwa upya: ujumbe wa redio kati ya dereva na mhandisi wake waweza kuwekwa juu ya picha ya tukio jingine, na mlio wa matairi huongezwa mahali ambapo gari halikuteleza. Uhasama nao hukuzwa. Carlos Sainz na Lando Norris, waliokuwa pamoja McLaren na kuelewana vizuri, msimu wa tatu unawaonyesha kana kwamba wanakabana koo. Max Verstappen alichukizwa na uhasama wa kutengenezwa kiasi cha kukataa kuhojiwa kwa msimu uliohusu mwaka 2021, mwaka aliotwaa ubingwa wake wa kwanza. Alirudi baadaye.

Kuna njia ya kukagua. Angalia rangi ya ubavuni mwa tairi. Kuanzia 2019 Pirelli, kampuni inayotengeneza matairi ya Formula 1, hutumia rangi tatu kwa matairi ya njia kavu: nyekundu ni laini, njano ni ya kati, nyeupe ni magumu. Kijani ni ya njia yenye maji kiasi na bluu ni ya mvua kubwa. Ikiwa dereva analalamika redioni kwamba matairi yake laini yamekwisha huku gari kwenye picha lina ukingo mweupe, sauti na picha havitoki mahali pamoja. Katika msimu wa kwanza uwe makini zaidi, kwani 2018 kulikuwa na aina saba za matairi ya njia kavu, zikiwemo za waridi na zambarau, na nyekundu wakati ule haikuwa laini kuliko zote. Angalia pia kofia za madereva. Wengi hubadili michoro kwa mbio maalumu, hasa za nyumbani kwao. Kofia ikibadilika ndani ya mzunguko mmoja, umeshajua.

Je, kasoro hizi zinauharibu mfululizo? Kwa mapambano ya njiani, ndiyo, zinauharibu, na sioni sababu ya kuzitetea, kwa sababu mbio halisi zina msisimko wa kutosha bila nyongeza. Kwa yanayotokea ndani ya vyumba, hapana. Pale kamera inapokuwa chumbani mtu anapoambiwa jambo, hakuna kumbukumbu nyingine inayoufikia.

Msimu wa pili una ushahidi mzuri. Mercedes walikubali kamera kwa wikendi moja ya Hockenheim, Ujerumani, Julai 2019, wakisherehekea miaka 125 ya kampuni yao katika mbio za magari, wafanyakazi wakiwa wamevaa mavazi ya kizamani. Mvua ikanyesha. Hamilton akavunja bawa la mbele, akaingia gereji wakati mafundi hawajajiandaa, matairi yakatafutwa huku saa inakwenda. Valtteri Bottas akagonga ukuta na kuishia hapo. Timu iliyozoea kushinda ilionekana ikibabaika mbele ya wageni iliowaalika yenyewe. Ukitaka kuelewa kwa nini mvua hubadilisha msimamo wa timu, anza hapo.

Katika msimu wa tatu, usikose sehemu ya Bahrain, 29 Novemba 2020. Gari la Grosjean lilipenya kizuizi cha chuma mzunguko wa kwanza, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alitoka mwenyewe baada ya nusu dakika hivi ndani ya moto, mikono ikiwa imeungua. Kilichozuia kizuizi kisimpige kichwani ni halo, upinde wa titani juu ya kiti cha dereva, uliolazimishwa kuanzia 2018 huku wengi wakilalamika kwamba unaharibu sura ya gari. Grosjean mwenyewe hakuwa akiupenda. Hapa watengenezaji walijizuia, wakaacha picha na mke wake waseme.

Msimu wa nne una mwisho uliozua ubishi mkubwa, Abu Dhabi, 12 Desemba 2021, lakini kwa kutazama nyuso na kusikia redio pekee hutaelewa kilichotokea. Hamilton na Verstappen waliingia wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Nicholas Latifi aligonga ukuta mzunguko wa 53 kati ya 58, gari la usalama, linaloongoza msafara kwa mwendo wa polepole, likatoka. Verstappen akaingia kuchukua matairi mapya laini; Hamilton, akiwa mbele, angepoteza nafasi kama angefanya hivyo, akabaki na magumu yaliyochakaa. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akaruhusu magari matano tu yaliyokuwa kati yao, miongoni mwa yote yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko mzima, yapite mbele, na gari la usalama likaondoka mzunguko huohuo. Kwa utaratibu wa kanuni lilipaswa kuondoka mwishoni mwa mzunguko unaofuata, ambao ungemaliza mbio. Ukishika hayo kabla ya kutazama, utafuata kila sentensi inayosemwa pale.

Kuanzia msimu wa tano mvuto unapungua. Madereva wameshajua kamera inataka nini, na wanaipa. Wakuu wa timu wanapanga chakula cha jioni kwa ajili ya kurekodiwa. Steiner aliondoka Haas Januari 2024, na pengo lake halijazibwa. Mwenye muda mchache aone misimu minne ya kwanza, sehemu 10 kila mmoja, kisha achague moja moja.

Kuhusu kufufua mchezo, takwimu za ESPN, luninga ya michezo nchini Marekani, ndizo zinazotajwa zaidi: wastani wa watazamaji wa mbio moja ulipanda kutoka takriban 554,000 mwaka 2018 hadi milioni 1.2 mwaka 2022. Ni nchi ambayo mwaka 2005, Indianapolis, magari sita tu yalianza mbio kwa sababu matairi ya Michelin hayakuwa salama kwenye kona moja ya mwendo wa kasi, na mashabiki wakaondoka na hasira. Kufikia 2023 ilikuwa na mbio tatu: Austin, Miami na Las Vegas. Lakini kuupa mfululizo sifa yote ni kukosea. ESPN ilikuwa ikirusha mbio bila kuzikata kwa matangazo ya biashara, kizuizi cha janga la korona kiliwaweka watu ndani na Netflix yao, na mwaka 2021 ukaleta ushindani mkali kuliko yote ya karibuni. Kikomo cha matumizi cha dola milioni 145, kilichoanza mwaka huohuo, nacho kilianza kuzisogeza timu ndogo. Mfululizo ulifungua mlango. Kilichowabakiza watu ni mbio zenyewe kuwa nzuri.

Hilo linaeleza kwa nini walioiga hawakufika mbali sawa. MotoGP Unlimited ya Amazon, iliyotoka 2022, ilikuwa na pikipiki zinazopitana zaidi ya magari ya Formula 1, ila ikaishia msimu mmoja. Sehemu kubwa ya wahusika wake huongea Kihispania na Kiitaliano, na picha zinazokatwa haraka hazikupi nafasi ya kusoma maandishi. NASCAR: Full Speed, kuhusu mbio za magari za NASCAR za Marekani, ilifanya busara zaidi: ni fupi, na inafuata mbio za mwisho za msimu ambapo wakati huo madereva walikuwa wakitolewa kwa makundi, hivyo mgeni hahitaji kujua kanuni nyingi. Kwa anayetaka ufundi, Brawn ya Disney+ inawapita wote. Ni sehemu nne kuhusu timu ambayo Honda iliitelekeza Desemba 2008, Ross Brawn akainunua kwa pauni moja, ikafungwa injini ya Mercedes, na Jenson Button akashinda mbio sita kati ya saba za mwanzo za 2009. Inaeleza vizuri jinsi tundu la ziada chini ya gari, upande wa nyuma, lilivyoongeza mgandamizo wa hewa, na kwa nini wapinzani walilalamika.

Kwa kutazama, weka lugha ya asili na maandishi ya tafsiri chini, usichague sauti zilizotafsiriwa: mikwaruzo ya redio na hasira ya mhandisi hupotea. Baada ya misimu miwili, nenda kwenye mbio za moja kwa moja, ukianza na siku ya kufuzu, inayopanga nani ataanza wapi, badala ya mbio. Ina vipindi vitatu vifupi, walio polepole huondolewa katika viwili vya kwanza, na kila gari liko peke yake dhidi ya saa, hivyo jicho linajifunza njia. Siku ya mbio, jiulize jambo moja tu: nani ameingia kubadilisha matairi kabla ya mpinzani wake? Anayetangulia hukimbia na matairi mapya huku mwenzake akiburuza yaliyochoka, na tofauti ya sekunde mbili inaweza kufutika kwa mzunguko mmoja.

Mambo kadhaa ya misimu ya nyuma hutayakuta tena. Pointi ya mzunguko wa kasi zaidi iliondolewa 2025. Kuanzia 2026 bawa la nyuma lililofunguka ili kumpita wa mbele, ambalo utalisikia likitajwa kama DRS kila mara, limebadilishwa na mabawa ya mbele na nyuma yanayobadilika kwa magari yote. Sauber imekuwa Audi, Cadillac imeingia, na magari ni 22.