Kibodi na mausi za bila waya: ukiwa Mwanza ununue ipi na uache ipi

Wakuu, kwenye seti ya kibodi na mausi ya bila waya kitu cha kwanza kukikagua ni risiva, kile kidude cha USB kidogo kama kucha ya dole gumba, unachokichomeka kwenye kompyuta ndo kinapokea mawimbi ya kibodi na mausi. Watu wanazunguka maduka ya mjini, Nyerere Road mpaka Rwagasore, wanachagua kwa rangi na wembamba, alafu mwezi haujaisha risiva imepotea au imeng'oka na laptopu ikiwa kwenye begi, ndo basi tena. Seti nyingi za bei ya chini risiva yake inaitambua kibodi yake na mausi yake tu, huwezi kwenda kununua risiva nyingine ukaichomeka mambo yakaendelea. Kwahiyo chagua kwa kuangalia risiva, kisha betri, mengine yatafuata.

Nimepanga kuanzia ile ya kununua bila kufikiria sana mpaka ile ya kuiacha palepale kaunta. Bei uliza angalau maduka matatu, zinapanda na kushuka, lakini huu mpangilio unabaki hivihivi.

Namba moja ni seti ya kampuni inayojulikana, yenye risiva ya 2.4 GHz (hayo ndo mawimbi ya redio inayotumia) na betri za kubadilisha. Hapa naongelea Logitech MK270, Dell KM3322W, HP 230, hizo ndo familia yake. MK270 kibodi inakula betri mbili za AAA na mausi moja ya AA, na Logitech wenyewe wanasema kibodi itaenda miezi 24 na mausi miezi 12, Dell kwa ile yao wanasema miezi 36. Hiyo ni hesabu ya kiwandani, mtu anayetaipu kutwa nzima asitegemee ifike huko, lakini hata ikifika nusu bado ni muda mrefu sana. Faida yake kubwa ni kwamba betri ikiisha saa tatu usiku unashuka kwa Mangi unanunua betri za rimoti unarudi kazini, na mwenye kukaa Nansio au Sengerema naye anazipata bila kuvuka kwenda popote. Unachomeka inafanya kazi, hutafuti programu wala huandiki password, na inashika hata kabla Windows haijawaka, so fundi akitaka kuingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla Windows haijafunguka, anaingia nayo. Kwa desktopu za mtumba ambazo ofisi nyingi hapa ndo zinatumia na nyingi hazina Bluetooth, hii ndo jibu. Pia ina zile namba za upande wa kulia, na mhasibu bila hizo namba anateseka kweli.

Namba mbili ni hiyohiyo ila ya kimya. Logitech MK295 wanasema imepunguza kelele asilimia 90, na miezi wanayoitaja ni 36 kwa kibodi na 18 kwa mausi. Kama unakaa geto Malimbe mko wawili chumba kimoja, wewe unaandika ripoti ya utafiti saa nane usiku na mwenzako ana pepa asubuhi, hii ongeza hela uinunue, mtaishi kwa amani. Mwenye mtoto mchanga ndani vilevile. Kama chumba unakaa peke yako rudi namba moja.

Namba tatu, Bluetooth. Hizi nzuri kwa mwenye laptopu na tableti na simu anayehama kifaa hadi kifaa. Logitech K380 kwa mfano inakumbuka vifaa vitatu na unahama kwa kubonyeza batani moja, halafu hakuna risiva ya kupoteza kabisa. Kwanini basi siyo namba moja? Kwa sababu inataka kompyuta iwe na Bluetooth, BIOS mara nyingi haikusikii, na siku Windows ikigoma kuipata unajikuta unahitaji mausi ili uunganishe mausi. Na K380 haina zile namba za pembeni. Kuna mausi kama Pebble M350 inayokubali vyote viwili, Bluetooth na risiva, hiyo ukiipata chukua.

Namba nne ni zile za kuchaji kwa waya, nyembamba zinawaka taa rangirangi. Zinavutia aisee. Ila betri imefungiwa ndani, ikichoka baada ya muda kumpata fundi mwenye betri ya saizi hiyo ni kazi, na hizo taa ndo zinaimaliza chaji haraka. Kama ni ya sebuleni kuendeshea TV sawa, ya kazi hapana.

Namba tano, na hapa naomba unisikilize vizuri, ni seti isiyo na jina au yenye jina linalofanana na la kampuni kubwa ila herufi moja imehama. Shida yake siyo kuharibika haraka tu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za bei rahisi za makampuni nane zilikuwa zinarusha herufi hewani zikiwa wazi, hazijafichwa kwa namna yoyote, yaani mtu aliyekaa kama mita 75 na kifaa chake anaweza kusoma kila unachoandika, wakaiita KeySniffer. Mwaka huohuo walikuwa wametoa nyingine, MouseJack, ya mtu kujifanya kibodi yako akaandika kwenye kompyuta yako akiwa mbali, ambayo iligusa risiva za makampuni makubwa pia, ikiwemo Logitech, Dell na HP. Tofauti ni kwamba kampuni kubwa inaweza kutoa marekebisho na inakuandikia kwenye boksi kama imeweka ulinzi wa AES, yaani ule wa kuficha herufi zisisomeke hewani, isiyo na jina utamlalamikia nani?

Kwahiyo ndugu zangu wa steshenari, kuanzia zile za getini chuo cha SAUT mpaka Igoma, mnaojazia watu fomu za mikopo na maombi ya kazi na kuandika password za watu kutwa nzima, nyie nunueni kibodi ya waya. Haina betri, haina risiva ya kuchomolewa na mteja, na siri ya mteja inapita kwenye waya. Hiyo kwenu ndo namba moja halisi.

Ukishachagua, usiondoke dukani kabla hujajaribu. Risiva mara nyingi imefichwa ndani ya mausi chini ya mfuniko wa betri, usikubali kuambiwa haimo, fungua. Kuna kikaratasi au plastiki imezuia betri, vuta. Fungua Notepad kwenye kompyuta ya duka, bonyeza kila batani moja moja, usiogope muuzaji anayenuna, alafu rudi nyuma hatua tano sita utaipu tena uone kama kuna herufi zinaruka. Mausi usiijaribu juu ya kaunta ya kioo, kaunta nyingi za mjini ni kioo na mausi nyingi zinaruka ovyo kwenye kioo hata kama ni nzima kabisa, weka boksi lake chini yake ndo uipime. Angalia na herufi zilivyochapwa: ukikuta alama ya @ iko juu ya 2 hiyo ni mpangilio wa Marekani, ukikuta alama ya kunukuu iko hapo na ya pauni iko juu ya 3 ni wa Uingereza, na Windows inabidi uiseti ifanane, la sivyo kila barua pepe utapigana nayo.

Nyumbani ikianza kukatakata usikimbilie kuirudisha. Tundu za USB 3 zile za bluu zinatoa kelele za redio kwenye hilohilo eneo la 2.4 GHz, Intel waliliandika hili mwaka 2012, kwahiyo hamishia risiva kwenye tundu jeusi la USB 2, au kama flashi au hard disk ya nje imechomekwa pembeni yake zitenganishe. Desktopu iliyo chini ya meza ya chuma na risiva iko nyuma kule ukutani nayo inasumbua, nunua ekstensheni fupi ya USB uilete risiva juu ya meza.

Mnaokaa karibu na maji, Kirumba, Igombe, visiwani huko, mnajua wale wadudu wa ziwani wakija usiku na taa inawaka. Wanakufa wanajaza katikati ya batani. Funika kibodi kwa kitambaa ukimaliza, na asubuhi igeuze uikung'ute kabla hujaanza kubonyeza, maana ukishawaponda ndani kuwatoa ni kufungua batani moja moja. Ofisi za soko la samaki la Mwaloni zenye vumbi la dagaa nazo hivyohivyo.

Betri nunua alkalaini, na ukienda likizo zitoe. Ikivuja utaona unga mweupe kwenye vyuma: pamba kidogo na ndimu au siki, sugua taratibu, kausha kabisa, weka betri mpya zote kwa pamoja, usichanganye mpya na nzee. Na risiti uombe siku ileile ya kununua, muuzaji aandike na namba ya seti, kwa sababu waranti bila hiyo karatasi ni maneno tu.