Nyama ya kusaga ya bata mzinga badala ya ya ng'ombe, miezi minne ya kuipika karibu kila wiki

Nianze kwa kusema hii nyama sikuinunua kwa kuipenda. Mzee wangu, baba mzazi naishi nae, alirudi kutoka kwa daktari na majibu kwamba kolestroli iko juu na apunguze mafuta ya nyama nyekundu, na huyu mzee ni mtu wa nyama ya kusaga haswa, yaani ukimuuliza leo tupike nini jibu analo kabla hujamaliza kuuliza. Sikutaka kumnyima. Kumnyima mtu mzima chakula anachokipenda ni kitu kinaniuma sana, nikaona bora nitafute kitu cha kukaa pale pale kwenye sahani ile ile, ndo nikaangukia kwenye hii ya bata mzinga. Sasa ni mwezi wa nne naipika na nimeona niandike vizuri maana maelezo mengi niliyosoma kabla ya kununua yalikuwa yanasema tu "weka badala ya ng'ombe" basi, na hapo ndo watu wengi wanaharibikiwa.

Siku ya kwanza nilichukua pakiti iliyoandikwa 99, maana yake asilimia 99 nyama na 1 mafuta, nikajua hii ndo bora kuliko zote kwa mzee. Nikaipika vile vile navyopika ya ng'ombe, sufuria kavu bila mafuta nikitegemea nyama itoe mafuta yake yenyewe. Haikutoa kitu. Ikatoa maji, ikageuka rangi ya kijivu, ikavunjika vipande vidogo vidogo vikavu vikavu ambavyo hata nyanya haikuvishika. Mzee akala kidogo, akanywa maji, akala tena kidogo, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nyama yenyewe iko wapi?" Nilijisikia vibaya jamani. Hakuwa analalamika, alikuwa anauliza kweli.

Sasa jambo la kwanza ambalo natamani ningeambiwa: hizo namba kwenye lebo ndo kila kitu. Ile ya 99 ni ya kidari peke yake, haina ngozi haina paja. Ile ambayo imeandikwa nyama ya bata mzinga tu bila neno kidari inakuwa na mchanganyiko, kidari na paja na ngozi na mafuta yake kidogo, na hapo utakuta 93 au 85. Paja ndo lina ladha, lina rangi nyeusi kidogo, lina unyevu. Mimi siku hizi nachukua 93 kwa mambo ya kila siku na 85 nikitaka baga, ile ya 99 sichukui tena labda kama unaitia kwenye supu yenye vitu vingi ambako ukavu wake hautaonekana.

Na hapa niwe mkweli kabisa maana ndo sababu nilinunua. Watu wanadhani ukishasema bata mzinga basi ni afya moja kwa moja, hapana. Gramu 100 za ng'ombe wa kusaga wa kawaida ule wa 80 kwa 20, mbichi, zina kama kalori 250 na mafuta gramu 20, na katika hayo yale mafuta mabaya ya kuganda ni kama gramu 7 na nusu. Bata mzinga wa 93 gramu hizo hizo 100 ni kama kalori 150, mafuta gramu 8, ya kuganda kama gramu 2. Tofauti kubwa, nakubali. Lakini chukua ng'ombe wa 93 uweke pembeni ya bata mzinga wa 93 uone, kalori ni karibu sawa sawa! Kwahiyo unachobadilisha zaidi ni kiasi cha mafuta, mnyama ni sababu ndogo. Na ng'ombe anamzidi bata mzinga kwa madini ya chuma, zinki na vitamini B12, kwahiyo kama nyumbani kuna mtu ana upungufu wa damu usikimbilie kumtoa kwenye ng'ombe bila kuongea na daktari wake. Kwa mzee wangu shida ni yale mafuta ya kuganda, na hapo 93 inatusaidia bila kumuua ladha.

Haya tuje kwenye kupika kwenyewe maana hapa ndo nimepoteza muda mwingi na hapa ndo nimejifunza.

Hii nyama ina maji. Ng'ombe nae ana maji ila ana mafuta ya kutosha kukaangia, bata mzinga hana, kwahiyo ukiijaza kwenye fraipani ndogo yote kwa pamoja inaanza kuchemka kwenye maji yake na ikishachemka haiwi tena ya kukaanga, ladha ya nyama ile ya kuungua ungua kidogo huipati. Ninachofanya: naitoa kwenye pakiti, naibonyeza na tishu za jikoni juu na chini mpaka tishu zilowe, natafuta fraipani pana kuliko zote nilizonazo, naweka kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kwa nyama ya gramu 450 na nasubiri yapate moto kweli kweli. Alafu naiweka nyama kama kipande kimoja bapa, naikandamiza na mwiko isambae, na NAIACHA. Siikorogi. Hapa mkono unawasha kukoroga lakini vumilia dakika nne tano.

Sikiliza sauti. Mwanzoni inakuwa kelele nzito ya kutokota, unaona maji meupe meupe yanatoka pembeni yanapiga povu, usiyamwage hayo maji, ladha imo humo. Ukisubiri yanapungua, povu linakuwa dogo, alafu ghafla sauti inabadilika inakuwa nyembamba na kavu, chwaaa, hapo ujue maji yameisha na sasa ndo inakaanga. Ukiinua pembeni na mwiko utaona chini imeshika rangi ya kahawia kama ganda la mkate. Hapo ndo geuza kwa vipande vikubwa, acha tena kidogo, ndo uanze kuvunja vunja. Chini ya fraipani kunabaki utando wa kahawia umeng'ang'ania, ule ndo utamu wenyewe, weka vitunguu na maji kidogo uukwangue wote uingie kwenye chakula. Siku niliyoifanya hivi mara ya kwanza mzee alikuja mwenyewe mlangoni kuuliza ni nini kinanukia, na ilikuwa bado saa nzima kabla ya kula.

Kuna wanaoweka bekingi soda, robo kijiko cha chai kwenye gramu 450 na kijiko kikubwa cha maji, wanachanganya wanaacha dakika 15 mpaka 20 ndo wanakaanga. Nimejaribu, inafanya kazi, nyama inashika maji yake ndani na inabaki laini na rangi inakuja haraka. Ila usizidishe, nilizidisha mara moja nikapata ladha kama ya sabuni kwa mbali.

Ladha sasa. Bata mzinga peke yake ni mpole, hana ule uzito wa ng'ombe, na kosa la watu ni kuongeza chumvi na pilipili wakidhani ndo dawa. Kinachokosekana sio chumvi, ni ule unono wa nyama. Kwahiyo unamuongezea vitu vyenye unono wake vyenyewe: soya sosi kijiko kimoja (na hapo upunguze chumvi), nyanya ya kopo ile nzito vijiko viwili uikaange mpaka iwe nyekundu ya matofali kabla hujaweka kimiminika chochote, na uyoga. Uyoga jamani! Ukate vidogo sana kama punje, gramu 200 kwa nyama ya gramu 450, ukaange mpaka ukauke ndo uchanganye. Unatoa unyevu, unatoa rangi ya udongo, na mtu anayekula hajui kama kuna uyoga anajua tu nyama imenoga. Bizari nyembamba, paprika na kitunguu saumu navyo vinakaa vizuri sana na hii nyama kwasababu haishindani navyo, hapo niseme kabisa kwenye chakula chenye viungo vingi naipenda kuliko ya ng'ombe.

Kwenye sosi ya tambi ndo imeshinda, hapo hata ukinifumba macho sina hakika kama ningetambua. Nusu saa mpaka dakika 40 za moto mdogo zinatosha, mi sioni faida ya kuzidisha kama tunavyofanya na ng'ombe. Kwenye lasanya pia safi. Kwenye maharage na pilipili safi. Kujaza ndani ya pilipili hoho safi, ila hakikisha umeshaikaanga kwanza usiiweke mbichi.

Mipira ya nyama inahitaji msaada kidogo. Slesi moja ya mkate uivunje vunje uiloweke na vijiko vitatu vya maziwa mpaka iwe uji mzito, ndo uchanganye na nyama gramu 450, na kitunguu ukwaruze kwa grateri badala ya kukata. Ule mkate unashika maji yasikimbie wakati wa kuiva. Bila hivyo utapata vigololi vigumu.

Baga ndo ngumu kuliko zote na siwezi kukudanganya, mtu anayetaka baga ya ng'ombe yenye mafuta yanayochuruzika hii haitampa. Mchanganyiko unanata mikononi vibaya mno, paka mafuta viganja, na baga ukishazitengeneza uziweke friji kama nusu saa kabla ya kukaanga. Na chumvi usiikande ndani ya nyama mapema, ukikanda chumvi na nyama muda mrefu inavutana inakuwa ya kurudi rudi kama soseji, weka chumvi juu tu pale unapotaka kuikaanga. Nikitumia 85 na kijiko kimoja cha mafuta ndani inatoka baga nzuri kwa haki yake, sio ya kuigiza.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwasababu kuna watoto na wazee wanakula: baga ya ng'ombe kuna wanaoila ikiwa nyekundu ndani, na hata hiyo ya ng'ombe wa kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71 za sentigredi, lakini bata mzinga lazima ifike 74 katikati, bakteria wa salmonela hawana mchezo. Na rangi usiiamini. Inaweza kuwa na upinki kidogo na imeiva, inaweza kuwa nyeupe na haijaiva. Kipimajoto cha jikoni ukichomeke kutokea ubavuni mpaka katikati ya baga, ndo utajua. Alafu nyama isioshwe kwenye sinki, unarusha vijidudu kila mahali, moto ndo unaua. Mbichi kwenye friji siku moja au mbili tu, kwenye friza miezi mitatu minne bado ladha iko vizuri, na kuyeyusha iwe ndani ya friji usiku kucha, usiiache mezani.

Malalamiko yangu. Sio pakiti zote ziko sawa, na hili limenikera. Kuna duka moja nililonunua mara mbili, pakiti zote mbili zilikuwa zimejaa maji chini kiasi kwamba ukitoa nyama unabaki na karibu nusu kikombe cha maji ya pinki, na nyama yenyewe imesagwa laini mno kama imepondwa, ukiikaanga inakuwa uji. Nilirudi nikawaambia wakanibadilishia lakini niliacha kununua pale. Sasa hivi nageuza pakiti chini juu kabla sijaweka kwenye kikapu, nikiona maji mengi narudisha, nikiona bado unaona nyuzi nyuzi za nyama kama minyoo myembamba imetengana nachukua. Na kuna harufu yake hii nyama, ukifungua utaisikia, kidogo ni kawaida na inaisha ikikaangwa, ila ikiwa kali ya kuchachuka au nyama inateleza kama ina ute, tupa, usiihurumie hela.

Kwa hiyo ya 93 natoa nyota nne kati ya tano. Ya 85 nne pia lakini kwa baga na mipira tu, na kama mafuta ndo sababu ya kununua basi soma lebo kwanza maana haikuachii tofauti kubwa hivyo. Ya 99 nyota mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya supu.

Mzee bado tunampa ng'ombe mara moja kwa mwezi, wa 93, tulikubaliana hivyo na daktari wake. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya ng'ombe, nikamuuliza nipike kipi, akasema pika ile ya uyoga.